Tabo Ikikosa Pumzi Kwenye Theluji Nene

Katika milima ya British Columbia, Kanada, waendesha pikipiki za theluji hungoja kwa hamu siku ambayo theluji mpya, laini kama unga, imefika kiunoni. Siku hiyohiyo ndiyo injini nyingi za tabo, yaani pampu inayoisukumia injini hewa, hulegea katikati ya mlima. Wengi hudhani dawa ni kuongeza msukumo wa tabo. Mimi nashauri uanzie kwenye matundu ya kuingizia hewa.

Kwenye mwinuko wa mita 2,400, mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa usawa wa bahari, yaani takriban baa 0.75. Ili kurudisha baa 1, tabo inabidi izidishe mgandamizo huo mara 1.33. Sasa theluji izibe nyavu zinazofunika matundu hayo ya hewa, na mgandamizo nyuma yake ushuke hadi baa 0.65: kazi ileile inadai mara 1.54. Tabo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa itatoka ya moto zaidi. Hewa ikipata joto la nyuzi 10 zaidi, msongamano wake hupungua kwa takriban asilimia 3.5, na nguvu hupungua nayo. Kuongeza msukumo hapo ni kuitesa mashine.

Kwa hiyo panua eneo la kuvutia hewa. Tundu dogo huvuta kwa nguvu mahali pamoja, na theluji hunata hapo. Eneo likiwa pana, mvuto hutawanyika na chembe nyingi huanguka zenyewe. Weka nyavu laini zinazokataa maji juu ya matundu yote, na uchague matundu yaliyo juu, karibu na usukani, kuliko ya ubavuni ambako theluji hurushwa moja kwa moja. Yasiwe upande mmoja tu: ukikata mteremko kwa ubavu, upande wa mlimani huzikwa, na wa bondeni ndio unaobaki kuvuta.

Usiondoe nyavu wala chujio eti hewa ipite kwa urahisi. Theluji ikiingia huyeyuka, injini hukohoa, na bonge la barafu laweza kupinda mapanga ya tabo, ambayo ni membamba na huzunguka kwa kasi ya kutisha.

Joto la chini ya boneti nalo linahitaji uangalifu. Ekzosi na tabo huyeyusha theluji iliyonata kwenye nyavu, kisha upepo wa baridi huigandisha, na wavu unageuka ukuta wa barafu. Funika upande wa moto wa tabo kwa kinga ya joto, ziba nafasi zote kati ya sanduku la hewa na chumba cha injini, halafu yaache wazi matundu ya kutolea joto. Ukiyaziba hayo kwa kuogopa theluji, hata mkanda wa kuendeshea utaungua.

Hosi za hewa zikaguliwe kabla ya msimu. Mluzi mpya wakati wa kuongeza moto mara nyingi ni hewa inayovuja baada ya tabo. Ingiza hewa ya mgandamizo mdogo kwenye mfumo, paka maji ya sabuni kwenye maungio, utazame mapovu. Kaza klipu, lakini hosi iliyolainishwa na oili ibadilishwe.

Mlimani, beba brashi laini. Injini ikianza kulegea, shuka kwanza hadi mahali tambarare pasipo na mteremko wa maporomoko juu yako, ndipo upanguse nyavu. Barafu ngumu usiikwangue kwa kisu. Gonga wavu taratibu kutoka upande wa ndani.

Jioni, iache injini iungurume polepole kwa dakika moja au mbili nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake huua. Kisha fungua boneti, toa theluji yote, na ukaushe chujio kabisa. Chujio bichi likitolewa asubuhi kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, litaganda kabla hujatoka kwenye maegesho.