ULINZI WA MAGARI YA ZAMANI YA DIZELI: NAMNA YA KUCHAGUA NA KUFUNGA KIFAA CHA KUZUIA WIZI

Magari ya dizeli yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama vile Land Rover na Toyota Land Cruiser, yamekuwa tegemeo la kazi Unguja na Pemba kwa miaka mingi. Mengi ya zamani yangali barabarani, kwa sababu ufundi wake ni mwepesi. Lakini wepesi huo huo unaomsaidia fundi kuyatengeneza ndio unaomsaidia mwizi kuyawasha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, magari madogo mapya yalianza kulazimika kuwa na kifaa cha kuzuia injini isiwake mwaka 1998. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya hapo hayana kifaa hicho, ambacho mafundi hukiita imobilaiza, na mwenye gari hulazimika kukifunga mwenyewe.

Tofauti ya dizeli na petroli

Injini ya petroli huchoma mafuta kwa cheche ya umeme; umeme ukikatwa, injini huzimika. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, na ikishawaka huendelea kwenda maadamu inapata mafuta. Katika injini kama 200Tdi ya Land Rover na 1HZ ya Toyota, mafuta hufungwa na valvu ndogo ya umeme iliyopo kwenye pampu ya dizeli. Ufunguo ukiwashwa, umeme huifungua valvu. Ukizimwa, springi huifunga.

Kwa hivyo, kukata waya wa ufunguo chini ya dashibodi si ulinzi wa kutosha. Valvu hiyo ikipatiwa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, mafuta hupita kana kwamba ufunguo umewashwa. Vile vile, kukata njia ya stata peke yake hakutoshi, kwani gari yenye gia za mkono huweza kuwashwa kwa kusukumwa.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kuchagua

(a) Kifaa kizuie njia mbili kwa pamoja: stata na valvu ya mafuta.

(b) Kiwe na kisanduku cha chuma kinachofunika valvu yenyewe pamoja na ncha ya waya wake, ili isiweze kufikiwa kwa urahisi.

(c) Kijifunge chenyewe baada ya ufunguo kutolewa. Kifaa kinachongoja kukumbukwa na dereva kitasahauliwa siku inapohitajika.

(d) Kibaki kimefungwa hata betri ikivuliwa na kurejeshwa.

(e) Kilingane na umeme wa gari. Baadhi ya Land Cruiser za zamani hutumia volti 24, na kifaa cha volti 12 kitaungua humo.

Land Rover nyingi za dizeli za zamani zaidi huzimwa kwa kuvuta kamba ya chuma, wala hazina valvu ya umeme. Kwa magari hayo, swichi ya kukata betri iliyofichwa, pamoja na kufuli madhubuti la usukani au la gia, hufaa zaidi.

Wakati wa kufunga

Kazi hii ipewe fundi umeme wa magari anayeaminika. Waya utakaoongezwa usiwe mwembamba kuliko ule uliokatwa, kwani waya mwembamba kwenye njia ya stata hupata moto. Viungo vilehemiwe kwa risasi na kufunikwa vyema. Kusokota waya na kuuzungushia utepe hakufai, hasa katika visiwa hivi ambako hewa ya chumvi hula shaba upesi. Kisanduku cha kifaa kifichwe mbali na maji, na njia yake ya umeme iwe na fyuzi.

Lipo jambo moja ambalo halifai kupuuzwa kabisa. Katika magari haya, nguvu ya kusaidia breki hutokana na pampu inayozungushwa na injini, na usukani wenye msaada hutegemea injini hiyo hiyo. Injini ikizimika gari ikiwa mwendoni, usukani huwa mzito. Na msaada wa breki uliobaki ukishatumika, pedali huwa ngumu. Kwa sababu hiyo, kisinunuliwe kifaa chochote kinachoweza kuzima injini inayokwenda. Kazi ya kifaa ni kuzuia gari isiwake, si kuisimamisha njiani. Kiungo kibovu kwenye waya wa valvu kinaweza kuleta ajali ile ile.

Baada ya kufunga, gari ijaribiwe mbele ya mwenyewe: kwanza kifaa kikiwa kimefungwa, kisha kikiwa kimefunguliwa, na mwisho iendeshwe polepole kwenye njia mbovu ili kuhakikisha kuwa hakuna waya unaolegea. Mchoro wa nyaya uhifadhiwe nyumbani au ofisini, usiwekwe ndani ya gari.

Gari ya Serikali ni amana mikononi mwa dereva na mkuu wake. Inafaa mabadiliko yoyote ya nyaya zake yaandikwe katika kumbukumbu za gari, na ufunguo wa akiba ukabidhiwe kwa saini. Wananchi nao wanakumbushwa kuwa kifaa kilichofungwa ovyo kina madhara mawili: hakimzuii mwizi, na kinaweza kumdhuru mwenye mali.