Mzigo ukirudi, nauli analipa nani? Somo kwa wanaouza mazao kwa simu

Leo hatuendi shambani, tunaenda stendi. Wengi wenu sasa mnauza kwa simu. Unapiga picha ya asali, unga wa lishe au miche, unaweka WhatsApp au Instagram, mteja wa mkoa mwingine anatuma hela, nawe unapeleka mzigo kwenye basi. Hapo mko vizuri. Tatizo linakuja siku mzigo unaporudi.

Somo hili nililijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu. Nilikuwa nimefundisha kikundi kimoja cha akina mama wafuga nyuki, wilaya ya Manyoni, namna ya kuuza mtandaoni. Nikafundisha picha, lebo, bei, hata kuongea na mteja vizuri. Nikawaambia, "Mteja ni mfalme, akilalamika mrudishieni hela yake." Sikuwafundisha kitu chochote kuhusu nauli ya kurudisha mzigo.

Mwezi wa saba wakapata oda ya chupa 6 za lita moja kutoka Njombe. Mzigo ukafika salama. Baada ya wiki mbili mteja akapiga: asali imeganda, ina chengachenga, mmeweka sukari, nataka hela yangu. Kikundi kikamrudishia sh 90,000 siku hiyohiyo, kama nilivyowafundisha. Baada ya siku chache mwenyekiti akanipigia akiwa stendi.

"Afisa, mzigo umerudi. Wanasema mpokeaji ndiye analipa nauli."

Wakalipa. Kufungua boksi, chupa mbili zimevuja kwa sababu mteja alizifunga na gazeti moja tu. Zilizobaki tukaziweka kwenye maji ya uvuguvugu, asali ikayeyuka yote, safi kabisa. Kumbe haikuwa na kosa lolote. Na ile hela ilikuwa ya mkopo wa halmashauri, tarehe ya kulipa haisogei. Mwezi ule akina mama walichangishana mifukoni mwao.

Kwa hiyo tujifunze pamoja.

1. Piga hesabu ya mzigo kurudi kabla haujaondoka

Tuchukue mfano wa oda kama ile. Weka bei za kwako, lakini njia ni hii.

Mauzo: chupa 6 × sh 15,000 = sh 90,000.
Gharama ya asali, chupa na lebo: 6 × sh 10,000 = sh 60,000.
Boksi na selotepu: sh 3,000.
Bodaboda mpaka stendi: sh 2,000.
Faida: sh 25,000. Nauli ya basi sh 10,000 kalipa mteja.

Sasa mzigo umerudi na kosa ni lako:

Nauli ya kwenda unayomrudishia mteja: sh 10,000.
Nauli ya kurudi: sh 10,000.
Bodaboda ya kwenda kuuchukua: sh 2,000.
Makato ya kutuma hela pamoja na ya kutolea: tuseme sh 2,000.
Boksi na bodaboda ya mwanzo, ambayo imeshapotea: sh 5,000.
Jumla: sh 29,000.

Yaani mzigo mmoja ukirudi unakula faida ya oda nzima nyingine na kuzidi, hata kama asali imerudi salama. Ikivuja ndo usiseme.

Dawa yake ni kuweka akiba kidogo kwenye kila chupa. Kama katika oda 20 inarudi moja, gawa sh 29,000 kwa 20, unapata sh 1,450 kwa oda. Kwa chupa 6 ni kama sh 250 kila chupa. Ongeza hiyo kwenye bei, na ukiuza itenge pembeni. Kikundi kiiandike kwenye daftari kama mfuko wake, isichanganywe na hela ya kula. Oda zinazorudi kwako ni ngapi? Hilo utalijua ukiandika, sio kwa kukisia.

2. Nani alipe? Inategemea kosa ni la nani

*Kosa lako.* Umetuma chupa ndogo badala ya kubwa, umefunga vibaya ikavuja, au asali ina povu na imechacha kwa sababu uliirina kabla haijakomaa. Unalipa nauli zote mbili na kurudisha hela yote. Hapa usibishane.

*Kosa la njiani.* Mzigo umeangushwa au umekaliwa na gunia. Mteja hana kosa, kwa hiyo malizana naye kwanza, halafu wewe ndiye udai kwa msafirishaji. Huwezi kudai kama huna risiti iliyoandikwa ni kitu gani na kina thamani gani. Unapotuma, taja thamani, hakikisha imeandikwa, soma na masharti ya kwenye risiti. Piga picha boksi likiwa kaunta.

*Mteja kaghairi.* Mzigo uko sawa, yeye kaona bei nafuu kwa mwingine. Nauli ya kurudisha ni yake, na anailipia kulekule anakotumia. Hela ya asali anarudishiwa chupa zikishafika na sili haijafunguliwa. Chupa iliyofunguliwa hairudi sokoni, hata kama imepungua kijiko kimoja. Hujui kilichoingia humo, na jina kwenye lebo ni la kwako.

*Mteja hajaelewa bidhaa.* Hili ndilo lililotupata sisi, na kwenye mazao ya shamba linatokea sana. Hapa usikimbilie nauli wala hela. Elimisha kwanza.

3. Malalamiko mengine yanaisha kwa maelezo

Asali halisi inaganda. Ina sukari ya asili iitwayo glukosi, na hiyo hujitenga na kuwa chembe, hasa kwenye baridi ya nyuzi 10 mpaka 15. Njombe mwezi wa saba ndiyo baridi yenyewe. Mwambie mteja aweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, yaani mkono unayavumilia bila shida, na ayabadilishe yakipoa. Asichemshe. Vile vipimo vya kuwasha kiberiti au kudondoshea asali kwenye maji havithibitishi kitu.

Asali ya nyuki wadogo nayo ni nyepesi na ina uchachu wake wa asili. Asiyeijua atasema imeharibika. Tofautisha na asali iliyochacha kweli, ile yenye povu na harufu ya pombe. Hiyo mara nyingi ilikuwa na maji mengi, na kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20. Kama kikundi kinaweza kununua refraktomita, kinunue. Ukipima kabla ya kufungasha umeshapunguza mizigo ya kurudi.

Maelezo haya yaweke kwenye karatasi ndogo ndani ya boksi, na yaandike chini ya picha unapotangaza. Kama sisi tungeweka karatasi ile, oda ya Njombe isingerudi.

4. Wakati mwingine mwache mteja abaki nao

Chupa moja kati ya 6 imepasuka kifuniko. Kuirudisha ni nauli na bodaboda, tuseme sh 12,000. Chupa yenyewe ilikugharimu sh 10,000. Ya nini kuirudisha? Omba picha au video inayoonyesha chupa na boksi lenye jina, mrudishie sh 15,000 ya chupa hiyo, basi. Kanuni: kama gharama ya kuleta mzigo nyumbani inazidi utakachookoa, usiulete.

Ila andika namba ya kila anayerudishiwa hela. Mtu yuleyule akilalamika kila oda, mwambie kwa heshima kwamba kuanzia sasa aje achukue mwenyewe.

5. Vitu ambavyo havirudi kabisa

Hapa naongea kama afisa ugani, nisikilizeni vizuri.

*Vifaranga na kuku.* Wakishatoka bandani kwako wasirudi. Wamepita stendi, wamekutana na kuku wa watu, wanaweza kukuletea kideri au gamboro ukapoteza banda zima kwa kuokoa vifaranga 10. Kubalianeni kwamba mteja awahesabu palepale anapopokea, achukue video, waliokufa njiani unawalipia siku hiyo. Kwisha.

*Mayai ya kutotolesha.* Yametikiswa na kupigwa joto, hayana tena thamani ya kutotolesha.

*Miche.* Udongo wa kwenye kiriba unabeba magonjwa, mfano kuoza mizizi kwa parachichi. Usiurudishe kitaluni.

*Mbegu na viuatilifu.* Pakiti iliyofunguliwa haipokelewi. Wakala wa mbegu, usijaribu kufunga upya pakiti yenye lebo ya TOSCI.

Kwa bidhaa hizi mteja bado ana haki yake. Anarudishiwa hela au anatumiwa nyingine kwa ushahidi wa video, lakini mzigo wenyewe haurudi.

6. Sema mapema, tena kwa maandishi

Masharti yakiwa kichwani kwako tu, mteja hayajui. Mtumie kabla hajalipa. Kikundi chetu sasa kinatuma hivi:

"Habari dada/kaka. Asante kwa oda. Ukipokea mzigo tafadhali ufungue ukichukua video. Kama kuna tatizo tuambie ndani ya siku 2, usirudishe kabla hatujaongea. Kosa likiwa letu tunalipa nauli zote. Ukighairi, nauli ya kurudisha ni yako na chupa ziwe na sili. Mzigo uliotumwa bila makubaliano kwa nauli ya mpokeaji hatutaupokea."

Hiyo sentensi ya mwisho ilitokana na siku ile stendi. Mabasi mengine yanakubali mpokeaji alipe, kwa hiyo mteja anaweza kukutupia gharama bila wewe kujua. Mkikubaliana urudi, mwelekeze namna ya kufunga, akutumie picha ya boksi na risiti, ndipo uende kuuchukua. Nenda mapema, maana ofisi nyingine zinatoza mzigo ukilala. Hela ya mteja itume baada ya kufungua boksi, lakini ukishajiridhisha usimzungushe. Itume siku hiyo.

Chupa 6 za lita zinakaribia kilo 9, kwa sababu lita moja ya asali ni kama kilo 1.4. Boksi la biskuti halibebi uzito huo. Tumia boksi gumu, kila chupa ndani ya mfuko wake, karatasi katikati, vifuniko juu.

Yule mteja wa Njombe tulimpigia tukamweleza. Alielewa, akaomba radhi, ila hakuagiza tena, na nauli ile haikurudi. Ushauri mbaya ulikuwa wangu, ndiyo maana nimeuandika hapa.

Kazi ya wiki hii: chukua daftari, piga hesabu ya namba 1 kwa bidhaa yako na kwa nauli ya stendi yako. Halafu andika masharti yako kwa maneno yako mwenyewe, yasizidi mistari 6. Oda inayofuata isiondoke kabla mteja hajayasoma.

Kazi njema.