Somo la Nne: Bima ya Afya Hulinda Nini Katika Kaya?

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kukokotoa gharama halisi ya ugonjwa katika kaya yake, kueleza kwa nini bima ya afya huchangiwa wakati wa uzima, na kutambua maswali ya kumwuliza mtoa bima kabla ya kulipa mchango.

Hesabu ya ugonjwa mmoja

Ndugu msomaji, watu wengi wanapotaja gharama ya ugonjwa huwa wanataja kiasi kilichoandikwa kwenye stakabadhi ya hospitali. Katika somo hili tutaonesha kwamba stakabadhi ni sehemu tu ya gharama hiyo, na mara nyingi si sehemu kubwa. Tutatumia kaya ya mfano, na viwango vya fedha navyo ni vya mfano ili kurahisisha hesabu.

Kaya ina watu sita. Baba ni dereva wa bodaboda na pikipiki ni yake mwenyewe. Mama ni mama lishe. Watoto wanne wanasoma. Kaya haina bima, ila ina akiba ya Sh150,000. Usiku mmoja mama anashikwa na maumivu makali ya tumbo. Kwa kuhofia gharama, wanasubiri hadi asubuhi, kisha hadi jioni. Anapofikishwa hospitali, anabainika kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo na anahitaji upasuaji bila kuchelewa.

Vipimo, upasuaji na kulazwa vinagharimu Sh450,000. Dawa zinagharimu Sh80,000. Nauli na chakula cha anayemuuguza ni Sh70,000. Jumla ni Sh600,000.

Sasa tuhesabu kisichoandikwa kwenye stakabadhi. Baba anakaa siku 10 bila kuendesha pikipiki. Kwa Sh15,000 kwa siku, amepoteza Sh150,000. Mama anapumzika siku 30 bila kupika. Kwa Sh10,000 kwa siku, amepoteza Sh300,000. Kipato kilichopotea ni Sh450,000.

Akiba inapoisha, kaya inauza pikipiki. Thamani yake ni Sh1,800,000, lakini mwenye shida hapangi bei. Inauzwa kwa Sh1,200,000. Zinalipwa Sh450,000 zilizobaki hospitalini, na kinachosalia kinaishia kwenye chakula, kodi ya nyumba na mahitaji ya watoto katika mwezi ambao kipato kimeyumba.

Mama anapona, lakini ugonjwa bado unaendelea kulipiwa. Baba sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea tajiri hesabu ya Sh8,000 kila siku. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni Sh2,400,000 kwa mwaka, yaani mara nne ya fedha zilizotumika kwa matibabu yenyewe.

Kadi ingebadilisha nini?

Tuseme kaya hiyo ilikuwa na bima iliyo hai, na huduma zote hizo zimo katika kitita chake, yaani orodha ya huduma anazostahili mwanachama. Sh530,000 za matibabu na dawa zingelipwa na bima. Nauli na chakula, Sh70,000, zingetoka kwenye akiba, na akiba ingebaki na Sh80,000.

Bima ya afya hairudishi kipato kilichopotea, na kwa kawaida hailipi nauli ya ndugu. Mwezi huo ungekuwa mgumu bado. Hata hivyo, pikipiki ingebaki nyumbani. Vilevile mama angeweza kupelekwa hospitali usiku uleule, kwa sababu swali la fedha lisingetangulia swali la maumivu. Kidole tumbo kikicheleweshwa huweza kupasuka, na tiba yake ikawa ndefu na ya hatari zaidi.

Kwa nini iwe kwa wote?

Bima hufanya kazi pale ambapo wengi wanachangia na wachache wanaugua kwa wakati mmoja. Wakijiunga wagonjwa peke yao, fedha za matibabu huzidi michango, na mfuko hulemewa. Tanzania imelishuhudia jambo hili. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kupitia Toto Afya Kadi, kwa maelezo kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa watoto ambao tayari walikuwa wagonjwa. Wazazi hao walifanya lile ambalo mzazi yeyote angelifanya. Lakini mfuko unaopokea wanaougua tu hauwezi kudumu.

Safari ya kuwafikia wote imekuwa ya hatua kwa hatua. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutoa huduma mwaka 2001, ukiwahusu kwanza watumishi wa umma, ambao mchango wao ulikuwa asilimia 6 ya mshahara: asilimia 3 kutoka kwa mtumishi na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri. Mkulima, mvuvi, mama lishe na dereva wa bodaboda hawana mwajiri wa kuwachangia nusu hiyo, na ndiyo maana wengi wao walibaki nje.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotumika Tanzania Bara. Sheria inamtaka kila mkazi awe na bima ya afya, na inaweka mfuko wa kuwagharamia watu wasio na uwezo. Zanzibar ina utaratibu wake chini ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mchango wako ni fedha ya jasho. Kabla ya kuutoa, tunakushauri uulize yafuatayo na upate majibu kwa maandishi:

1. Ni huduma zipi zimo katika kitita, na zipi hazimo? Uliza kwa kutaja majina: upasuaji, uzazi, kusafisha damu, dawa za kisukari na shinikizo la damu.
2. Kadi inaanza kutumika lini? Bima nyingi zina kipindi cha kusubiri baada ya malipo.
3. Nani katika kaya wanahusika, na mtoto hukoma kuhudumiwa akiwa na umri gani?
4. Ni vituo gani karibu nami vinavyoipokea kadi hii?
5. Dawa ikikosekana kituoni, utaratibu wa kuipata ni upi?
6. Je, kuna kiwango cha juu cha fedha kwa mwaka, na kikifikiwa nitafanyaje?

Ukiwa na kadi

Fuata mfumo wa rufaa. Anzia zahanati au kituo cha afya, isipokuwa wakati wa dharura. Anayekwenda moja kwa moja hospitali ya juu bila rufaa anaweza kulazimika kulipa mwenyewe.

Soma fomu ya madai kabla ya kutia saini. Saini yako inathibitisha kwamba ulipata huduma zilizoandikwa. Usisaini fomu tupu wala fomu yenye kipimo ambacho hukufanyiwa.

Usimwazime mtu kadi, hata akiwa jirani mwema. Huo ni udanganyifu, na taarifa za ugonjwa wake zikiingia kwenye kumbukumbu zako zinaweza kumpotosha daktari siku utakapougua wewe.

Ukikataliwa huduma unayostahili, au ukitozwa fedha isivyo halali, omba sababu kwa maandishi, tunza stakabadhi, na uandike tarehe na jina la kituo. Peleka lalamiko kwanza kwa mtoa bima wako. Usiporidhika na jibu, lifikishe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Lalamiko lenye nyaraka hushughulikiwa kwa wepesi kuliko lenye maneno matupu.

Zoezi la nyumbani

Kaeni pamoja kama kaya. Andikeni kipato chenu cha siku, akiba mliyo nayo, na idadi ya siku ambazo mngeweza kuishi bila anayeleta kipato. Kisha andikeni jina la kitu ambacho mngekiuza kwanza iwapo mmoja wenu angelazwa usiku wa leo: cherehani, ng'ombe, shamba, mtumbwi au pikipiki. Kadirieni kingeuzwa kwa bei gani, na ingewachukua muda gani kukinunua tena.

Mkimaliza, linganisheni jibu hilo na mchango wa bima wa mwaka mmoja. Kitu mlichokiandika ndicho bima inachopaswa kukilinda, pamoja na uhai wa atakayeugua.