Kinga ya Cheo na Mipaka Yake



Katika darasa yetu ya hapa Kakamega tuliulizwa: "Raia aliyedhulumiwa na polisi au mtumishi mwingine wa Serikali, je, aweza kumshitaki, au cheo chamkinga?" Wengi hudhani kumshitaki mwenye amri ni utovu wa adabu, hunyamaza, na haki yao ikapotea.

Jibu letu ni kwamba cheo ni amana, wala si ngao ya dhulma. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali, hali ya kuwa ni Khalifa, alikwenda mbele ya Kadhi Shuraih kudai deraya yake, na kadhi akamkatalia kwa kuwa ushahidi wake haukutosha. Basi mtawala na raia mbele ya hukumu ni sawa.

Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu 22, yampa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani haki yake inapovunjwa, wala hatozwi ada ya kufungua shauri hilo.

Pili, ni kweli sheria nyingi humkinga mtumishi katika nafsi yake kwa alilolitenda kwa nia njema kazini. Hekima yake ni kuwa askari asiogope kumkamata mwizi. Lakini ampigaye mahabusu ili akiri, nia njema yake iko wapi? Kifungu 25 chakataza mateso bila ya udhuru wowote.

Tatu, nani hulipa? Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru Serikali iwalipe fidia watu 21 walioteswa katika jumba la Nyayo, Nairobi. Fidia kama hiyo hutoka katika Hazina, yaani katika mali yetu sote, na mtesaji hubaki na mshahara wake. Lakini mwezi wa Machi 2018 Jaji George Odunga aliwatoza Waziri Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na Gordon Kihalangwa wa Uhamiaji shilingi 200,000 kila mmoja, zikatwe katika mishahara yao, kwa kudharau amri za mahakama katika shauri la Miguna Miguna. Hapo cheo hakikuwafaa kitu.

Nne, wakati. Dai la kawaida la madhara juu ya Serikali lina miezi 12 tu. Dai la haki za Katiba halikuwekewa muda, lakini achelewaye huulizwa sababu.

Basi aliyedhulumiwa na aandike upesi siku, saa, mahali na nambari ya askari, aende hospitali apate cheti, ashike mashahidi. Wala asizidishe hata neno moja. Ikiwa Khalifa alikataliwa kwa upungufu wa ushahidi, sisi tutakubaliwa kwa maneno matupu?

Wallahu aalam.