BINTI ANATAKA KWENDA KUSOMA ULAYA: TUULIZE KWANZA



Leo tunasoma juu ya safari ya masomo ng'ambo. Zamani jambo hili lilikuwa la watu wachache wa mjini. Siku hizi linabisha hodi hata vijijini. Kijana anamaliza kidato cha sita, anasikia habari kwenye simu, anamwambia baba yake, "Nataka kwenda nje." Je, mzazi amjibu nini?

Soma polepole. Kama mko kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo yapo maneno mapya, maswali na hesabu.

MFANO WETU

Tuchukue mfano wa familia moja. Mzee ni mkulima wa mahindi na alizeti. Ana ekari 3 na ng'ombe 2. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo. Binti yake amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri.

Jioni moja akaja mgeni kutoka mjini, amevaa suti, ana mkoba. Akasema:

"Mzee, bahati haiji mara mbili. Nipe milioni 4 nimtafutie binti yako nafasi Ujerumani. Akifika tu, anaanza kazi. Baada ya miezi 3 hela yako imerudi, na kila mwezi atakutumia."

Mzee akauliza, "Chuo chenyewe kinaitwaje?"

"Hayo niachie mimi, mzee wangu. Wewe tafuta hela tu."

Akaacha karatasi moja, akaenda zake.

Usiku ule mzee hakulala. Mnunuzi wa ekari 2 alikuwepo, tena ana fedha mkononi. Lakini mama wa binti akasema, "Mzee wangu, shamba likienda halirudi. Twende kwanza kwa mwalimu wa kisomo."

Asubuhi wakaenda wote watatu.

"Shikamoo mwalimu," binti akasalimu.

"Marahaba mwanangu. Mzee, mama, habari za nyumbani? Karibuni mketi."

Wakaeleza habari yote. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumpeleka mtoto kusoma ng'ambo si kosa. Kosa ni kwenda gizani. Hebu tuwashe taa."

WALIOTUTANGULIA

Mwalimu alianza na habari za zamani. Mwaka 1949 mwalimu mmoja kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, nchini Uingereza. Alisoma kwa ufadhili. Akarudi nyumbani mwaka 1952 na shahada yake. Wakati ule Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa sheria.

Jirani zetu wa Kenya nao walifanya jambo kubwa. Mwaka 1959 Tom Mboya alifanya mpango na marafiki zake wa Marekani. Ndege moja ikabeba wanafunzi 81. Huko vijijini watu walichanga: huyu kuku, yule shilingi chache. Mwaka 1960 msichana kutoka kijiji cha Ihithe, Nyeri, naye akaenda Marekani. Jina lake Wangari Maathai. Alirudi akafundisha chuo kikuu, akawaongoza akina mama kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

"Mnaona?" mwalimu akasema. "Walikwenda kwa mpango ulio wazi. Chuo kilijulikana. Mfadhili alijulikana. Waliochanga walijua fedha zao zinakwenda wapi."

CHUO CHENYEWE KINATAKA NINI?

Sasa tuitazame hiyo Ujerumani aliyoitaja mgeni.

Kwanza, ada. Vyuo vikuu vingi vya serikali ya Ujerumani havitozi ada ya masomo. Mwanafunzi hulipa mchango mdogo kila muhula. Lakini si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg, tangu mwaka 2017, huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Ulaya Yuro 1,500 kila muhula. Vyuo vya watu binafsi navyo hutoza. Kwa hiyo ni lazima kujua jina la chuo. Bila jina la chuo huwezi kujua ada.

Pili, lugha. Masomo mengi ya shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Mwanafunzi hutakiwa kufanya mtihani wa lugha na kufaulu. Hapa kwetu Kijerumani hufundishwa katika taasisi ya Goethe-Institut, Dar es Salaam. Kujifunza lugha mpaka uweze kusikiliza mhadhara ni kazi ya miezi mingi, wala si ya wiki mbili.

Tatu, cheti. Wanafunzi wengine wa kigeni huambiwa wasome kwanza mwaka mmoja katika chuo cha maandalizi, kiitwacho Studienkolleg, ndipo waingie chuo kikuu.

Nne, fedha za kuishi. Hapa ndipo wengi hukwama. Anayeomba viza ya masomo lazima aonyeshe kwamba ataweza kula na kulala mwaka mzima. Asiye na mfadhili wala mdhamini huweka fedha benki, katika akaunti iliyozuiwa. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa ni Yuro 11,904. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Fedha hizo ni mali ya mwanafunzi mwenyewe, lakini hawezi kuzitoa zote kwa mpigo. Hutoa Yuro 992 kila mwezi.

Tano, bima ya matibabu. Kila mwanafunzi lazima awe nayo.

Mzee akashika kichwa. "Milioni 30! Mbona yule bwana hakuzitaja?"

"Hakuzitaja," mwalimu akajibu, "kwa sababu angezitaja usingempa hizo 4."

KAZI YA MWANAFUNZI: TUFANYE HESABU

"Lakini mwalimu," mama akasema, "si atafanya kazi kule?"

Ni kweli, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi, lakini kwa kipimo. Ujerumani, mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya alikuwa anaruhusiwa siku 120 nzima kwa mwaka. Machi 2024 zikaongezwa kuwa siku 140 nzima, au nusu-siku 280. Nusu-siku ni kazi isiyozidi saa 4.

Wengi huosha vyombo hotelini, hupanga bidhaa dukani, au husaidia maktaba ya chuo. Mwaka 2025 sheria ya Ujerumani iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa Yuro 12.82 kwa saa.

Tuchukue kalamu. Mwanafunzi anayesoma kwa bidii anaweza kufanya kazi saa 10 kwa wiki.

Saa 10 mara Yuro 12.82 ni Yuro 128.20 kwa wiki.
Wiki 4 mara Yuro 128.20 ni Yuro 512.80 kwa mwezi.
Mahitaji ya mwezi ni Yuro 992.
Toa 512.80. Zinapungua Yuro 479.20.

Umeona? Mshahara wake haufiki hata gharama zake mwenyewe. Sasa za kutuma nyumbani zitoke wapi? Na za kulipa deni la milioni 4?

Mtu anaweza kusema, "Basi afanye kazi siku zote anazoruhusiwa." Sawa. Siku 140 za saa 8 ni saa 1,120 kwa mwaka. Hapo angepata Yuro 14,358.40 kabla ya makato, akajikimu. Lakini saa hizo ni zaidi ya 21 kwa kila wiki ya mwaka, pasipo kupumzika hata wiki moja. Tena aongeze mihadhara, mitihani na lugha ngeni. Vilevile kazi haipatikani siku ya kufika. Na akizidisha siku za kazi, anavunja masharti ya kibali chake. Anaweza kunyimwa kibali kipya, na masomo yakaishia hapo.

Kila nchi ina kipimo chake. Uingereza, mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo, tangu Novemba 2024. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili, tangu Julai 2023. Marekani, mwanafunzi huanza na kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Kwa hiyo tukumbuke: kazi ya mwanafunzi ni mboga, siyo ugali. Ugali uwe umepatikana kabla ya safari.

Lipo jambo jema pia. Anayemaliza shahada Ujerumani anaweza kupewa kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi ya elimu yake. Hapo hafungwi tena na siku 140. Faida ya safari huja mwishoni, baada ya kusoma.

NJIA ILIYO WAZI

Mwalimu akaandika ubaoni:

1. Omba nafasi kwa chuo chenyewe. Barua ya kukubaliwa hutoka chuoni, na hutaja jina la chuo, somo na tarehe ya kuanza.

2. Uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Tume hiyo hutambua vyuo vya nje na shahada zake. Pia huandikisha mawakala wanaopeleka wanafunzi nje. Wakala asiyeandikishwa usimpe hata shilingi.

3. Tafuta ufadhili kabla ya kuuza mali. Ujerumani lipo shirika la DAAD, lililoanza mwaka 1925. Ufadhili wake mwingi ni kwa wenye shahada ya kwanza wanaotaka kuendelea. Wizara yetu ya Elimu nayo hutangaza nafasi za ufadhili za nchi rafiki, kwa mfano China.

4. Viza huombwa ubalozini. Ada ya viza ya masomo ya Ujerumani ni Yuro 75. Wakala hana uwezo wa kutoa viza, hata akiapa.

5. Kila fedha iwe na risiti. Kila karatasi isomwe kabla ya kutia sahihi.

MZEE ASOMA MWENYEWE

Mwalimu akasema, "Sasa mzee, ile karatasi ya mgeni iko wapi?"

Mzee akaitoa mfukoni. Mwalimu akanyosha mkono, lakini mzee akasema, "Ngoja. Nilisoma kisomo ili nisome." Akavaa miwani. Akaanza, neno kwa neno.

Juu palikuwa na picha ya jengo kubwa. Jina la chuo, hakuna. Somo, hakuna. Tarehe ya kuanza, hakuna. Namba ya kulipia ilikuwa ya simu ya mtu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno mawili. Mzee akayasoma mara mbili: "Fedha hazirudishwi."

Kimya.

Binti akapiga simu TCU. Akaambiwa jina la wakala yule halimo katika orodha. Kisha mzee akampigia wakala, akamuuliza jina la chuo. Jibu likawa, "Niko kwenye kikao." Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Shamba halikuuzwa. Binti alilia siku ile, maana alikwisha waaga rafiki zake. Baba yake akamwambia, "Mwanangu, sijakukatalia safari. Nimekataa kukutupa gizani." Mwaka uleule binti akaomba chuo cha hapa nchini na mkopo wa Bodi ya Mikopo, akapata vyote. Jioni anajifunza Kijerumani. Anasema akimaliza shahada ya kwanza ataomba ufadhili, aende kwa mlango wa mbele.

Na mzee? Siku hizi jirani wakiletewa karatasi yoyote, humwita aje na miwani yake.

MANENO MAPYA

Ufadhili: fedha za masomo ambazo mwanafunzi hazirudishi.
Muhula: kipindi cha masomo cha miezi kadhaa.
Viza: ruhusa ya kuingia nchi ya watu.
Kibali: ruhusa ya kukaa au kufanya kazi.
Wakala: mtu anayefanya shughuli kwa niaba ya mwingine.
Kima cha chini: mshahara mdogo kuliko wote unaoruhusiwa na sheria.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wakala alificha mambo gani? Taja matatu.
2. Kwa nini mama alisema "shamba likienda halirudi"?
3. Katika kijiji chenu, kijana akitaka kwenda ng'ambo humwuliza nani? Je, huyo anajua?
4. Mngekuwa ninyi wazazi wa binti yule, mngefanya nini?

HESABU

Mwanafunzi amefanya kazi saa 8 kwa wiki, kwa Yuro 12.82 kila saa.
(a) Amepata kiasi gani kwa wiki 4?
(b) Zimepungua ngapi kufikia Yuro 992?

Majibu: (a) Yuro 410.24. (b) Yuro 581.76.

Ukipata majibu hayo, mfundishe na jirani yako. Elimu haina mwisho.