Duma, Mbuni na Kobe Uwanjani: Kuwatungia Watoto Mashairi ya Michezo

Anza na mwili wa mnyama, vina vitafuata. Duma hukaribia kasi ya kilomita 100 kwa saa, lakini baada ya mita mia kadhaa pumzi humwishia. Mbuni hana kasi hiyo, ila hudumu na mwendo wake kwa kilomita nyingi. Hapo mashindano umeshayapata: mbio fupi ni za duma, mbio ndefu za mbuni, na watoto wana jambo la kubishania. Swala pala huruka hadi mita 3 kwenda juu. Tembo haruki kabisa, basi mpe kamba avute, na upande wa pili kundi zima la pundamilia. Kiboko anafurahisha zaidi: wengi humdhania mwogeleaji hodari, kumbe hujisukuma kwa miguu chini ya maji. Je, mwamuzi amkubalie? Ubishi huo peke yake unatosha shairi zima.

Kwa umbo napendelea utenzi, mizani 8 kwa kila mshororo. Tarbia ya mizani 16 ni nzuri, ila mtoto wa miaka 6 huchoka kabla hajafika kwenye kina cha mwisho. Tazama ubeti huu:

Filimbi imeshalia,
Duma mbele kaingia,
Mbuni nyuma afatia,
Vumbi limewafunika.

Kobe hakutajwa. Huyo ni wa mchoraji: yuko pembeni mwa ukurasa, mdogo sana, bado anafunga kamba za viatu. Mtoto asiyejua kusoma ndiye atakayemgundua kwanza, na atamwonyesha anayemsomea. Ukiandika kwamba kobe kachelewa, umemnyang'anya ugunduzi wake. Kwa hiyo rangi za jezi, madoa na sura za watazamaji mwachie mchoraji. Wewe shika yasiyochorika: mlio wa filimbi, kishindo, moyo unaodunda.

Kabla ya kumkabidhi kazi, kunja karatasi 4 katikati upate kijitabu cha kurasa 16, kisha andika kila ubeti mahali pake. Matokeo ya mbio yasikae mkabala na mbio zenyewe. Yaweke nyuma ya ukurasa, ili mtoto abahatishe mshindi kwanza ndipo afunue.

Nakusihi pia usimpe kobe ushindi kila mara, watoto wameshauzoea. Mwache afike wa mwisho, jua limezama, na wenzake wangali wakimsubiri kwenye utepe. Na mnyama mnene asiwe wa kuchekwa, maana darasani yupo mtoto atakayeitwa jina lake kesho yake.

Mwisho wasomee watoto kwa sauti huku wakipiga makofi. Usiwaeleze lolote kuhusu mizani. Mshororo ambao makofi yao yanapishana, weka alama, kauhesabu upya nyumbani.