Jinsi Dawa ya Choa Inavyoishinda Kuvu

Katika sehemu za Kakamega, ambako mvua hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, ugonjwa wa choa wa kichwani huonekana mara kwa mara kwa watoto wa shule. Wengi huuita mashilingi, kwa kuwa madoa yake ni ya mviringo kama sarafu. Mzazi hununua dawa ya kupaka, kichwa huonekana kupona kwa siku chache, kisha nywele huanza kukatika tena mahali pale pale, naye husema kwamba dawa haifai kitu. Lakini mara nyingi dawa yenyewe ni njema; kilichokosekana ni kujua namna inavyofanya kazi.

Ugonjwa huu hauletwi na mdudu wala na damu chafu. Huletwa na kuvu, kiumbe wa jamii moja na uyoga na ule ukungu unaoota juu ya mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Mwili wa kuvu ni seli ndogo mno, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaoimarishwa na mafuta ya namna ya pekee yaitwayo ergosteroli. Mafuta hayo yaligunduliwa mwaka wa 1889 na Mfaransa Charles Tanret, katika kuvu inayoshambulia masuke ya nafaka huko Ulaya. Utando wa seli za mwanadamu hauna ergosteroli, una kolesteroli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyowapa wataalamu njia ya kuidhuru kuvu na kumwacha mgonjwa salama.

Ergosteroli hutengenezwa kwa hatua nyingi, kama sukari guru katika vile viwanda vidogo vya mashamba ya miwa: miwa hukamuliwa, maji yake huchemshwa, uchafu huenguliwa, ndipo sukari hugandishwa. Akizuiwa mfanyakazi mmoja tu, kazi yote huharibika. Ndani ya kuvu wafanyakazi ni vimeng'enya. Dawa ya terbinafini huzuia kimeng'enya kimoja cha hatua za mwanzo, na mali ghafi iitwayo skwaleni hurundikana ndani ya seli hata kuiua. Dawa za jamii ya azoli, kama klotrimazoli ya kupaka na flukonazoli ya kumeza, huzuia kingine kilicho mbele zaidi. Basi kuvu hulazimika kujenga utando wake kwa mafuta yasiyofaa, nayo hushindwa kukua.

Kushindwa kukua si kufa. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani mwasho ukiisha huiacha dawa, na kuvu iliyobaki huanza tena kujitengenezea mafuta yake. Tena kichwani kuvu hujificha ndani ya unywele na katika shina lake, ambako dawa ya kupaka haifiki vya kutosha. Kwa hiyo daktari humpa mtoto dawa ya kumeza kwa kadiri ya uzito wake, na mara nyingi kwa majuma 4 au zaidi. Griseofulvini, inayotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, haigusi ergosteroli hata kidogo; huzuia seli za kuvu zisigawanyike, nayo huhitaji majuma 6 hadi 8.

Yafaa ieleweke pia kwamba mwili wa mwanadamu hutengeneza kolesteroli kwa njia inayofanana na ile ya kuvu, na si kila dawa inayoweza kutofautisha vizuri. Vidonge vya ketokonazoli vilionekana kudhuru maini, na mwaka wa 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri visitumiwe tena kwa magonjwa ya kuvu. Vidonge, basi, si vya kununuliwa dukani kwa kubahatisha. Hatari nyingine ni dawa za kupaka zilizochanganywa na steroidi: hutuliza mwasho na wekundu upesi, huku kuvu ikienea chini kwa chini.

Mbegu za kuvu huweza kukaa miezi mingi katika vitana, kofia na mashine za vinyozi. Mtoto mmoja akianza kutibiwa, wenzake wa nyumba moja nao wapelekwe wakatazamwe, kwa maana mwingine huibeba kuvu bila doa lolote kuonekana kichwani pake.